Manahodha elfu, chombo kimoja



Mwaka wangu wa tatu katika kazi ya utangazaji nilikuwa zamu ya usiku chumba cha habari, na kituo chenyewe sitakitaja. Jioni ile basi lilikuwa limepinduka na habari zikawa zinaingia vipande vipande. Mwenzangu mmoja alichukua nakala ya taarifa akasahihisha idadi ya waliofariki, kwa kuwa hospitali ilikuwa imethibitisha idadi ndogo zaidi. Mwingine, kwenye meza ya pili, alichukua nakala nyingine ya taarifa ile ile akaongeza aya kuhusu majeruhi, lakini akaiacha idadi ya zamani. Mimi ndiye niliyetakiwa kuzikusanya karatasi na kumpelekea msomaji. Nilizibana kwa pini, nikakimbia. Saa mbili kamili watu wakasikia kwamba waliofariki ni 9, na kabla dakika haijaisha wakasikia kwamba ni 14. Simu zililia mpaka usiku wa manane. Mmoja wa waliopiga alikuwa mama aliyetaka kujua hao watano wengine ni akina nani, kwa sababu mwanawe alikuwamo ndani ya basi lile.

Tangu usiku huo nimekuwa na heshima ya pekee kwa mtu anayeketi mwisho wa meza, ambaye kazi yake si kuandika bali kuyaunganisha yaliyoandikwa na wenzake. Wiki hii nakuletea habari ya meza ndefu kuliko zote ninazozijua. Wanaokaa kwenye meza hiyo ni maelfu, wametawanyika mabara yote, wengi wao hawajapata kuonana, na wote wanasahihisha andiko moja kwa wakati mmoja.

Andiko hilo ni kiini cha Linux. Kila kompyuta ina programu moja ya chini kabisa inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ipate zamu, na inayozungumza na kioo, diski na waya wa mtandao. Hicho ndicho kiini cha mfumo endeshi. Kikianguka, vyote vilivyo juu yake vimeanguka. Kiini cha Linux kimo ndani ya simu zote za Android, na tangu Novemba 2017 kimekuwa kikiendesha kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko nyingine duniani. Kina mistari zaidi ya milioni 30, na kila toleo jipya hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000 kutoka kwa watu zaidi ya 1,000.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kwa hakika, chombo kilichotangulia hiki kilikwenda mrama hasa.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo ulioitwa Unix. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na hukumu ya mwaka 1956 isifanye biashara nje ya mambo ya simu, basi Unix ikatolewa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo pamoja na maandishi yake yote. Wanafunzi wa Berkeley, California, wakaipanua kwa namna yao. Kisha mwaka 1984 AT&T ikavunjwa, kifungo kikaondoka, biashara ikaanza. Sun wakawa na Unix yao, IBM yao, Hewlett-Packard yao. Kila mmoja alichukua shina lile lile akaotesha tawi lake, akalizungushia ua. Kilichogunduliwa na huyu hakikumfikia yule. Programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja ilibidi ifanyiwe kazi upya ili iende kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kufikia mwaka 1988 makampuni yalikuwa yamegawanyika kambi mbili zikishindania ni ipi Unix ya haki. Walipokuwa wakigombana, soko la kompyuta ndogo za mezani likachukuliwa na wengine.

Hapo ndipo anapoingia Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Agosti 25, 1991, akiwa na miaka 21, aliwaarifu watu wa kompyuta kwa njia ya mtandao kwamba anaunda mfumo kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Toleo la kwanza, Septemba mwaka huo, lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni ya Richard Stallman wa mradi wa GNU. Leseni hiyo inaruhusu mtu yeyote kuchukua maandishi, kuyabadili na hata kuyauza, ila anayeisambaza kazi yake lazima awape wateja wake maandishi yaliyobadilishwa, nao wana ruhusa ile ile. Fikiria maana yake kwa tawi. Kuotesha tawi ni ruksa, kulizungushia ua ni marufuku. Kila tawi linaweza kurudishwa shinani, mradi awepo mtu wa kulirudisha.

Lakini sheria inafungua mlango tu. Kupita mlangoni ni kazi nyingine, na kwa miaka kumi ya mwanzo kazi hiyo ilifanywa na mtu mmoja kwa mikono yake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtu wa Ujerumani au Brazil alichukua nakala ya kiini, akarekebisha alichokiona kina kasoro, kisha akaiamuru kompyuta ilinganishe nakala ya zamani na mpya na kutoa tofauti peke yake: ondoa mstari huu, weka huu. Waridi au kazi ya fundi cherehani, ite upendavyo, wenyewe waliiita kiraka. Kiraka kilitumwa kwa barua pepe. Programu iliyotungwa na Larry Wall mwaka 1985 iliweza kukishona kiraka mahali pake hata kama nguo yenyewe ilikuwa imesogea kidogo. Torvalds alikisoma, akikipenda akakishona, asipokipenda mara nyingi hakujibu neno. Aliyetuma akingoja na kuona toleo jipya limetoka bila kiraka chake, alikituma tena. Hakuwa na njia ya kujua kama kimekataliwa au kimepotea tu kwenye rundo.

Kwa watu kumi utaratibu huo unatosha. Kwa mia una mashaka. Mwaka 1998 Torvalds alikuwa amehamia California, ana kazi ya mshahara katika kampuni ya kutengeneza vichipu, ana mabinti wawili wadogo, na viraka vinamiminika usiku na mchana. David Miller alikuwa akitunza nakala ya pembeni ambamo wengi walikuwa wakiweka kazi zao moja kwa moja, nayo ikaanza kuachana na ile ya Torvalds. Septemba mwaka huo hasira zikafumuka. Watu walilalamika kwamba kazi zao zinatupwa. Torvalds akajibu kwa ukali, akasema anakwenda likizo. Ukapatikana msemo miongoni mwao kwamba Linus hapanuki, yaani mfumo unaweza kuongezewa mashine lakini mtu mmoja hawezi kuongezewa saa za siku.

Msikilizaji, simlaumu yeyote katika ugomvi ule. Aliyeketi mwisho wa meza anaona rundo. Aliyetuma anaona kiraka chake kimoja, chenye majuma matatu ya usingizi wake ndani yake. Wote wawili wanasema kweli.

Hali iliendelea kwa ujanja wa kibinadamu. Kila eneo likapata mwangalizi wake: mtandao huyu, diski yule, sauti mwingine. Hao waliitwa maluteni, na Torvalds alizoea kupokea kutoka kwao kwa sababu aliwajua kazi zao. Alan Cox wa Wales alikuwa akitoa matoleo yake ya pembeni, akikusanya viraka ambavyo bado havijapita, na wengi walivitumia hivyo hivyo. Hata hivyo, Januari 2002 malalamiko yalirudi upya. Lilitolewa pendekezo kwamba ateuliwe mtu maalumu wa kupokea viraka vidogo vidogo visipotee. Torvalds akalikataa. Ila wiki chache baadaye, Februari, alikubali jambo ambalo alikuwa amelikwepa kwa miaka, nalo ni kutumia programu ya kutunza historia ya mabadiliko. Aliyoichagua iliitwa BitKeeper.

BitKeeper ilikuwa kazi ya Larry McVoy na kampuni yake, na ndani yake kulikuwa na wazo lililobadili kila kitu. Katika programu nyingi za aina hiyo kulikuwa na ghala moja kuu, na aliye na ufunguo ndiye aliyeandika. Katika BitKeeper kila mtu alikuwa na ghala lake kamili, lenye historia yote. Ulifanya kazi kwako, kwenye tawi lako, na ulipomaliza ukamwambia mwenzako: njoo uchukue. Hakuna aliyesukuma kitu nyumbani kwa mwingine. Luteni wa mtandao alikusanya kutoka kwa watu wake, Torvalds akachukua kutoka kwa luteni, na mashine ikafanya mashono.

Hebu nieleze mashono hayo kwa ile taarifa yangu ya basi. Mashine haiangalii nakala mbili peke yake. Huitafuta kwanza nakala ya babu, ile ambayo wahariri wote wawili walianzia. Kisha huuliza: mstari huu nani kaugusa? Kama kaugusa mmoja tu, badiliko lake linapita. Kama hakuna, unabaki. Kama wameugusa wote wawili kwa namna tofauti, mashine husimama na kumwita binadamu aamue. Laiti ningekuwa na kitu kama hicho usiku ule, idadi ya vifo ingesahihishwa, aya ya majeruhi ingeongezwa, na mama yule asingepiga simu.

Lakini si kila mgongano unaonekana kwenye mistari. Tuseme mhariri mmoja anabadilisha jina la mkuu wa wilaya kila lilipo, kwa sababu ameteuliwa mpya, na mwenzake wakati huo huo anaongeza chini aya inayomnukuu yule wa zamani. Hawajagusa mstari mmoja. Mashine itaunganisha bila kunung'unika, na taarifa itakuwa na wakuu wawili wa wilaya moja. Katika kiini hayo hutokea kila wiki. Mtu hubadili jina la kipengele fulani, mwingine kwenye tawi jingine anakiita kwa jina la zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Stephen Rothwell, Mwaustralia, alijitwika kazi ya kuyaunganisha matawi ya wasimamizi wote kila siku ya kazi, kwenye nakala ya majaribio isiyokusudiwa mtumiaji yeyote, ili migongano ya namna hiyo ijulikane kabla matawi hayajafika kwa Torvalds. Ni kazi isiyo na sifa, na mimi naihesabu kuwa miongoni mwa nguzo za jengo zima.

Nirudi nyuma kidogo. BitKeeper haikuwa huru. McVoy aliwaruhusu watu wa Linux kuitumia bila malipo, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba anayeitumia bure asishiriki kuunda programu ya kushindana nayo. Wengine walikataa katakata kuigusa. Stallman alionya kwamba kazi huru inategemea zana isiyo huru. Torvalds alisema yeye anachagua kinachofaa kazini. Kwa miaka mitatu alionekana mshindi wa hoja. Kisha Andrew Tridgell, Mwaustralia anayejulikana kwa mradi wa Samba, akaanza kuandika programu ya kuzungumza na maghala ya BitKeeper bila kutumia BitKeeper yenyewe. McVoy akaona ahadi imevunjwa. Aprili 2005 ruhusa ya bure ikaondolewa, na kiini cha Linux kikabaki bila zana ya kuunganishia.

Nimekwisha kuona mtu akinyang'anywa gari la kazi akakaa barazani kulia. Torvalds alisimamisha kazi ya kiini akaanza kuandika zana yake mwenyewe. Alianza Aprili 3. Siku nne baadaye zana hiyo ilikuwa inatunza historia ya maandishi yake yenyewe. Aprili 18 iliunganisha matawi ya kiini kwa mara ya kwanza, na mwezi Juni toleo la 2.6.12 likatoka likiwa limetunzwa nayo. Aliiita Git, neno la mtaani la Waingereza kwa mtu mkorofi, na hupenda kutania kwamba ameipa jina lake mwenyewe. Julai mwaka huo huo alimkabidhi Junio Hamano aiendeleze.

Git ilichukua lile wazo la kila mtu na ghala lake, ikaongeza mambo mawili. Kwanza kasi, kiasi kwamba kuotesha tawi na kulirudisha likawa jambo la sekunde, wala si la kuandalia kikao. Pili uaminifu. Kila badiliko hupewa alama ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya badiliko lililolitangulia. Ukichezea herufi moja ya miaka mitano iliyopita, alama zote zinazofuata hadi leo zitapingana na za wenzako. Historia haifutiki kwa siri.

Baada ya hapo utaratibu ukatulia. Toleo moja likishatoka, dirisha hufunguliwa kwa wiki mbili, na wasimamizi humwomba Torvalds achukue matawi yao. Dirisha likifungwa, hakuna kipya tena. Majuma sita au saba yanayofuata ni ya kusahihisha makosa tu. Aliyechelewa atangoje dirisha lijalo, wala si mbali. Kabla ya hapo haikuwa hivyo. Kati ya toleo la 2.4 la Januari 2001 na la 2.6 la Desemba 2003 ilipita karibu miaka mitatu, na wasambazaji kama Red Hat na SuSE, kwa kutoweza kusubiri, wakawa wanashona viraka vyao kwa mamia kwenye kiini cha zamani, kila mmoja kivyake. Harufu ya Unix ya 1988 ilikuwa imeanza kusikika. Ufupi wa dirisha ndio ulioiondoa.

Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho watu wa pwani watakipenda. Muungano wa matawi zaidi ya mawili kwa mpigo mmoja, mafundi huuita pweza. Mwaka 2014 msimamizi wa upande wa sauti aliunganisha matawi 66 mara moja, na Torvalds akamwambia kwamba hilo limepita kiasi cha pweza, ni dubwana la hadithi za kutisha.

Si kila tawi lilirudi kwa kicheko. Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni mwaka 2008 ikiwa na kiini cha Linux kilichoongezwa vitu vya Google. Kimoja kilikuwa njia ya programu kuizuia simu isisinzie kazi ikiwa haijaisha. Wasimamizi wa kiini hawakuupenda mpango ule. Lakini sehemu nyingine nyingi za Android zilikuwa zimeuegemea, hivyo nazo zikakosa mlango, na mapema mwaka 2010 hata zile zilizokuwa zimeingizwa kwa majaribio ziliondolewa. Ilichukua miaka miwili ya mabishano. Machi 2012, katika toleo la 3.3, vitu vya Android vilianza kurudi, na miezi michache baadaye ikapatikana njia mbadala ya ule usingizi ambayo pande zote ziliweza kuishi nayo.

Hata hivyo tawi halikwisha. Mtengeneza chipu huchukua kiini cha Android na kuongeza yake, mtengeneza simu naye huongeza yake, simu inauzwa, na mafundi wanahamia simu nyingine. Dosari ya usalama ikigunduliwa na kurekebishwa shinani, nani atakipeleka kiraka kwenye tawi lililokwisha kutelekezwa? Simu niliyoinunua Kariakoo ilipata marekebisho kwa miaka miwili, kisha kimya, ingawa kioo, betri na spika vilikuwa vizima, na ndiyo niliyokuwa nikihifadhia fedha zangu. Google ilikuja kulitambua hilo. Kuanzia Android 12, simu mpya zenye kiini cha 5.10 zilitakiwa kuwa na kiini cha pamoja, na nyongeza za watengenezaji zikawekwa kando yake badala ya ndani yake.

Na Torvalds mwenyewe? Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa maneno makali aliyokuwa akiwatupia wanaomletea kazi, akapumzika kwa wiki kadhaa, na toleo la 4.19 likakamilishwa na Greg Kroah-Hartman. Chombo hakikuzama. Ni jambo ambalo mwaka 1998 lisingewezekana.

Tawi lililosafiri muda mrefu kuliko yote ninayoyajua lilianza mwaka 2004. Thomas Gleixner, Ingo Molnar na wenzao walitaka kiini kinachoweza kuahidi kwamba amri ikija itajibiwa ndani ya muda uliowekwa, bila kuchelewa hata kidogo, kama inavyotakiwa na mashine za viwandani na mitambo ya sauti. Walikataa kukaa nje daima kama walivyokaa wengine. Kila toleo la kiini lilipotoka, walizihamishia kazi zao juu yake upya, na kila walipopata kipande kinachoweza kuwafaa watu wote walikipeleka shinani peke yake. Hivyo rundo lao likawa linapungua mwaka hadi mwaka, na kiini kikawa kinanufaika nao hata kabla hakijawapokea.

Ilikwenda hivyo miaka 20. Septemba 2024, kwenye mkutano huko Vienna, Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la kuunganisha. Maombi hayo huenda kwa barua pepe, lakini safari hii lilichapishwa kwenye karatasi na kufungwa kwa karatasi ya dhahabu na utepe. Torvalds aliliunganisha, likatoka katika toleo la 6.12 Novemba 17 mwaka huo. Kikwazo cha mwisho, kilichowashikilia kwa miaka, kilikuwa sehemu ndogo ya kale ambayo Torvalds aliianza enzi za Helsinki: ile ambayo kwayo kiini hutangaza taarifa zake.